Nusu Niliyochukua kwa Baba

Baba yangu alinifuata mara moja tu maishani mwake, na siku hiyo alikuwa anatafuta figo. Hakuja kuitafuta yangu hasa. Alitaka ya yeyote ambayo ingemfaa mwanawe, na madaktari walikuwa wamemwambia aanze na watu wa damu yake. Watu wa damu yake walikuwa wachache, wakaisha upesi, ndipo akanikumbuka.

Nilikuwa Geita wakati huo, machimboni, mimi na mume wangu. Yeye alikuwa anashuka na wenzake kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na mimi nilikuwa nawapikia wachimbaji chai na maandazi chini ya turubai. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, sukari ya kuitafuta kwa tochi, na mwenye chai yenye sukari alikuwa mtu wa maana hata kama turubai lake limetoboka. Wachimbaji waliniita Mhindi. "Mhindi, ongeza chai." "Mhindi, maandazi ya leo madogo, umeanza mambo ya baba yako?" Nilikuwa nawajibu palepale, maana subira sikuzaliwa nayo, na wao walikuwa wanapenda kujibiwa. Pua yangu na nywele zangu hazikuhitaji maelezo. Aliyenitazama mara moja alikuwa ameshaijua habari nzima ya mama yangu kabla sijafungua kinywa.

Pikapu ya baba ikaingia na vumbi lake. Akashuka mzee mwenye shati jeupe, akasimama nje ya turubai kama mteja asiyejua bei. Akawaamkia watu kwa Kisukuma safi, mwangaluka, mwangaluka, maana alizaliwa Shinyanga na Kisukuma alikijua kuliko wengi wa wale wachimbaji. Mimi nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba huku anatazama sufuria.

"Mdogo wako anaumwa," akasema.

Nikamuuliza mdogo wangu yupi, kwa kuwa kwa mama nimezaliwa peke yangu.

"Mwanangu. Mdogo wako. Figo zake zimekufa zote mbili."

Alieleza palepale, mbele ya watu wenye vikombe mkononi. Kijana alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi wa Mwadui, akaanza kuvimba uso, wakadhani ni malaria, kumbe figo. Dawa iliyobaki ilikuwa kupandikizwa figo ya mtu mwingine, Bombay, na mtu huyo awe ndugu. Baba mwenyewe ana ugonjwa wa sukari, hawamtaki. Mke wake na binti yao wana kundi la damu lisiloingia kwa kijana. Kijana ni kundi O. Je, mimi ni kundi gani? Sikujua. Mchimbaji mmoja akasema, "Mhindi, kama wanapima, hakikisha mizani ni yako," na wote wakacheka.

Nilikubali kabla baba hajamaliza kueleza. Watu walionisikia walidhani nina moyo wa huruma. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado nimekwama kwenye yale maneno, mdogo wako, nayasikiliza tena na tena kichwani, na mengine yote aliyosema yalinipita. Mume wangu alipotoka shimoni akiwa mweupe kwa vumbi, nikamweleza, akaniangalia sana. "Huyo mzee hajawahi kukupa hata maji ya kunywa," akasema. "Lakini mwili ni wako. Nenda kapimwe."

Sasa nieleze tulivyokuwa. Baba alikuwa na duka Mhunze, enzi za pamba, kabla ya uhuru. Mama alikuwa binti wa hapohapo jirani, akichambua pamba ghalani kwa baba wakati wa msimu. Mengine kila mtu anaweza kuyajaza. Mimi nilipoanza kutambaa, ndugu za baba walimletea mke, akafunga duka la Mhunze akahamia Shinyanga mjini. Mama alirudi kwa kaka yake na mimi mgongoni. Hakuniambia lolote baya kuhusu baba, na hakuniambia lolote zuri.

Nilipokuwa msichana wa shule, mama alikuwa ananipeleka mjini mara mojamoja, na lazima tupitie dukani kwake. Tunaingia kama wateja. Mama ananisukuma kidogo begani ili niamkie. Shikamoo. Marahaba, mnataka nini? Mama anasema sukari, kibiriti, kitambaa cha sare. Na baba, bila kuniangalia, anapima sukari mpaka mizani inakaa sawa, halafu anachota kijiko kikubwa kingine anaongeza juu. Mama alikuwa anaitazama ile nyongeza kwa uso wa mtu aliyepewa heshima. Mimi niliichukia mno. Njiani nilikuwa namwambia mama tusirudi tena pale, na mama ananijibu kwamba sukari haina kosa.

Kwa hiyo baba aliponitoa Geita, tulipitia kwanza hospitali ya Kolandoto, nikatobolewa kidole. Kundi O. Baba akashika uso kwa mikono yote miwili, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha akasema twende tukamuage mama yangu, tupate pasipoti, tusafiri.

Kwa mama ndipo alipokutana na mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mtu mfupi, mkulima wa pamba, mwenye zizi la wastani na sauti isiyolingana na kimo chake. Alimsikiliza baba mpaka mwisho. Alimletea kigoda, akamletea maziwa, akamsikiliza tena. Kisha akamuuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Baba akasema ni wake.

"Tangu lini?"

Kwa Wasukuma mambo haya yana utaratibu, na baba aliujua. Mtoto aliyezaliwa bila mahari ni wa upande wa mama yake. Mali yake ni ya wajomba, jina lake ni la wajomba, na akiolewa mahari yake wanakula wajomba, kama walivyokula yangu. Baba akimtaka mtoto wake, analeta ng'ombe, anamkomboa mbele ya watu, na kuanzia hapo mtoto ni wake na mbele ya watu hakuna wa kumpinga. Kwa kawaida mtoto huyo anakuwa na miaka mitatu, minne. Mimi nilikuwa na mtoto wangu mwenyewe, niliyemwacha kwa mama nilipokwenda Geita, yupo pale uani anakimbiza kuku.

"Kama si mtoto wako, nyama ya mwili wake unaitakia nini?" mjomba akasema. "Na kama ni mtoto wako, ng'ombe wako wapi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimwambia mjomba aache, mimi ni mtu mzima, mgonjwa anakufa huko na yeye anataka ng'ombe. Akaniambia ninyamaze, hili ni lake na mzee mwenzake. Nikamgeukia mama anisaidie. Mama alikuwa amekaa mlangoni, mikono mapajani, anamtazama baba. Nikaelewa kwamba naye alikuwa analisubiri jibu la swali lile, na amelisubiri miaka yote hiyo bila kuliuliza.

Baba hakubisha. Siku ya mnada wa Mhunze alikwenda na shati lake jeupe, akawa anashika ng'ombe vinywa kuangalia meno katikati ya wachungaji, akanunua sita. Mjomba akamkataa mmoja kwa sababu ana chongo. Baba akarudi mnadani akabadilisha. Watu walikuwa wanacheka, lakini walikuja wote kushuhudia, hata wale waliokuwa wananiita Mhindi tangu shule ya msingi. Baba akasimama mbele ya zizi la mjomba akasema kwa Kisukuma kwamba mimi ni mtoto wake, amenizaa, amenikomboa. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anataja bei. Wanawake wakapiga vigelegele.

Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimeiota siku hiyo tangu nilipokuwa mdogo. Nilikuwa naipanga kichwani nikiwa nachota maji: nimevaa nini, nani yupo, nani amenuna. Na ilipokuja ilikuwa vilevile kama nilivyoiota, isipokuwa kila mtu aliyekuwa pale alijua ni kwa ajili ya figo. Nilitabasamu nikiwa nimeinamisha kichwa, na nikawa naona aibu kwa jinsi nilivyofurahi. Jioni mjomba alinyweshwa pombe na majirani, akawa anatangaza kwamba sasa mambo yatakwenda, damu imeshakuwa moja, figo itaingia bila matatizo. Baba alikuwa msomi kidogo, lakini nilimwona anaitikia kwa kichwa.

Nyumbani kwake Shinyanga ndipo nilipomwona mgonjwa kwa karibu. Nilikuwa namkumbuka ni mtoto mnene wa dukani, anayekaa juu ya magunia. Sasa alikuwa mwembamba, ngozi imepauka kijivujivu, miguu tu ndiyo imevimba. Walikuwa wanampa chakula bila chumvi na maji kwa kikombe kidogo. Alinyanyuka kwa shida nilipoingia. "Shikamoo, dada," akasema.

Hakuna aliyemwambia aniite hivyo, mama yake alikuwa amekaa palepale. Nikaitikia marahaba.

Yeye ndiye aliyenieleza jambo lenyewe, kwa kuwa alikuwa amelisoma na alikuwa na muda. Kundi la damu ni mlango wa nje tu, alisema. Ndani kuna alama nyingine, zipo kwenye kila punje ya mwili, na kwa alama hizo mwili unajua kipi chake na kipi cha mgeni. Cha mgeni unakipiga vita mpaka kife. Kila mtu ana alama za pande mbili, nusu ametoa kwa baba, nusu kwa mama. Ni kama ng'ombe mwenye chapa mbili. Mtu baki kufanana nawe ni bahati ya ajabu, na watu wa asili tofauti ndiyo kabisa, kwa sababu kuna chapa zilizojaa kwa Wahindi ambazo kwa Wasukuma hazipo, na zilizojaa kwa Wasukuma ambazo Wahindi hawazijui.

"Sasa mimi ni wa asili gani?" nikamuuliza.

Akafikiri kwa dhati. "Nusu yako ya baba ndiyo tunayoitaka," akasema. "Baba naye ana chapa mbili, akizaa anatoa moja. Kama aliyokupa wewe ndiyo aliyonipa mimi, nimepona. Kama alikupa ile nyingine, basi." Kisha akasema pole, kama mtu aliyeomba kitu kikubwa mno. Nilimpenda, na hilo silisemi kwa kujipamba. Alikuwa mtu wa kupendeka.

Mama yake hakuwa mbaya kwangu. Tangu alipoolewa aliambiwa kwamba yule mwanamke wa Mhunze alikuwa mwongo aliyembambikia mumewe mtoto, na alikuwa ameamua kuamini hivyo ili apate kuishi. Sasa alilazimika kumwomba Mungu iwe si kweli. Siku mbili kabla ya safari aliniita chumbani, akanivalisha shalwari na kanzu za binti yake, akanifunga ushungi, akanipaka mafuta nywele na kuzivuta nyuma kwa nguvu. Akanigeuza kwenye kioo. Alinitazama kiooni, na mimi nikajitazama. Nilifanana na baba kuliko kijana wake alivyofanana naye. Aliona. Akaufungua ushungi akaufunga upya, ukishuka zaidi usoni.

Ruhusa ya fedha za kigeni ilitoka baada ya baba kuzunguka ofisini Dar es Salaam mpaka viatu vikaisha soli. Tukaenda wanne: baba, mgonjwa, mama yake, na mimi.

Bombay yenyewe sikuiona. Niliona chumba cha hospitali, korido, feni, na watu wengi waliofanana nami ambao sikuelewa neno hata moja wanalosema. Wauguzi walikuwa wananisemesha, mimi nawakodolea macho, wanashangaa. Mdogo wangu aliwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akapata nafuu, rangi ikarudi kidogo. Alianza kunifundisha kuhesabu kwa Kigujarati. Nikikosea anacheka mpaka muuguzi anakuja kumnyamazisha. Wakanitoa damu mimi, wakamtoa yeye, wakamtoa na baba pia, ili wajue chapa zake zote mbili. Tukasubiri majibu. Mama yake alikuwa anafunga kila siku, na mimi nikafunga naye, ingawa si dini yangu. Alipojua akaanza kunifuturisha kwa mkono wake, tende moja, kisha maji.

Siku hiyo walituita ofisini kwa daktari, wote wanne, mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu. Daktari alikuwa mtu mpole mwenye miwani minene. Alisema na baba kwa lugha yao, polepole, akichora mistari kwenye karatasi. Mimi nilikuwa natazama nyuso. Niliona mdogo wangu anafumba macho. Niliona mama yake anaweka kiganja mdomoni. Wote walikuwa wameshaelewa, nimebaki mimi, na wa kunitafsiria alikuwa baba.

"Anasema," baba akaanza, akakohoa. "Anasema upande wa mama yako hawaujui. Dawa zao za kupimia hazikusoma kitu. Watu wa kwenu hawajapimwa huku, kwa hiyo chapa zao hazina dawa. Kwenye fomu wamepaacha wazi."

"Kumbe si wewe peke yako usiyeujua," nikamwambia.

Mdomo wangu huo. Baba aliupokea bila kukasirika. Akaendelea. "Lakini upande wangu umesomeka. Mimi nina nusu mbili. Moja nilimpa yeye." Akamwonyesha mgonjwa kwa kidole. "Ya pili yote, kamili, iko kwako. Anasema haiwezekani kuwa bahati tu. Wewe ni mtoto wangu, kwa kipimo. Hakuna shaka." Akashusha kidole. Kisha akasema, "Kwa hiyo hufai."

Na mimi nikafurahi.

Kilichonijia kwanza kilikuwa furaha, ikanijaa kifua ghafla mpaka ikatoka usoni, na sikuwahi kuizuia. Nilitabasamu. Nilimtazama mke wa baba nikiwa natabasamu, kwa maana ni yeye niliyetaka asikie, yeye na wote waliomwita mama yangu mwongo. Alikuwa ananitazama. Kiswahili alikijua vizuri tu. Aliliona tabasamu lile likija, akaliona linavyoganda nilipokumbuka tuko wapi na kiti cha magurudumu kina nani. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Ndipo nikaanza kupayuka. Nikasema waikate tu, wajaribu, huenda mashine imekosea, huenda mwili wake utanizoea, mimi si adui, ana haja gani ya kunipiga vita. Nikamshika baba mkono, mwambie daktari, mwambie. Nilikuwa nalia kwa nguvu, na kilio kilikuwa cha kweli, lakini kilikuwa kimechelewa, na kila aliyekuwa mle ndani alijua kimechelewa. Baba hakunitafsiria. Mdogo wangu ndiye aliyesema, macho bado yamefumba, "Dada, basi. Si kosa lako, ni vile ilivyoangukia." Alidhani nalia kwa sababu ya chapa. Yeye hakuona uso wangu.

Mama yake hakumwambia. Najua hakumwambia, maana mpaka mwisho mdogo wangu alinisema vizuri. Jioni ile, wakati wa kufuturu, aliniletea tende kama kawaida. Aliiweka mezani mbele yangu, hakuniwekea mkononi tena.

Tulikaa mpaka fedha tulizoruhusiwa zikaisha. Waliuliza kwa jamaa wa pale, wa ukoo wa baba, akapatikana mmoja wa kundi O aliyekubali kisha mke wake akakataa. Simlaumu. Tukarudi na mgonjwa. Mwanza hatukupata mashine, Dar es Salaam hatukupata, na mdogo wangu akalala chumbani kwake Shinyanga, dirisha wazi, akisikiliza redio. Alikufa pamba ilipoanza kupasuka. Msibani nilikaa na wanawake wa jirani, kule nyuma, ingawa baba alituma mtu mara mbili kuniita nikae na familia. Watu walisema nina adabu, binti aliyelelewa vizuri huyu. Nilishindwa tu kukaa mahali ambapo mama yake angeuona uso wangu.

Baba aliishi miaka michache zaidi, na aliniita binti yangu mbele ya kila mtu, dukani, njiani, popote. Mtu alikuwa akija kununua msumari anatambulishwa. Mimi nilikuwa naitikia. Kila aliponitambulisha nilikuwa nauona ule mkono wa mke wake ukiweka tende mezani.

Lakini kuna siku moja kabla ya hayo ambayo kwa ajili yake sijaweza kuisamehe nafsi yangu. Ni siku niliyorudi kutoka safari. Mgonjwa alikuwa ameshapelekwa nyumbani mjini, mimi nikapanda lori la pamba mpaka Mhunze, nikaenda kwa miguu mpaka kwa mjomba. Mama alikuwa shambani. Aliponiona kwa mbali, bado nimevaa zile nguo za watu, aliangusha jembe akaja anakimbia, mwanamke wa umri ule, kanga inamfunguka. Hakunikumbatia. Alinishika ubavu huu, akanishika ubavu ule, anatafuta mshono.

"Wamekata?" akauliza.

"Hawakukata."

"Kwa nini? Vipi huko?"

Nilikuwa nimekaa kwenye lori kutwa nzima nikipanga nianzie wapi. Nilikuwa nimeapa nitaanza na yeye, mdogo wangu, jinsi alivyopata nafuu kisha ikawa hivi. Lakini alipouliza vipi, kitu kilekile cha ofisini kwa daktari kilipanda tena, na uso wangu ukafunguka kabla sijauzuia.

"Mayu," nikamwambia, "wamepima. Mimi ni mtoto wake kweli. Imethibitishwa."

Mama akaniachia ubavu. Akanitazama vile alivyokuwa ananitazama nilipokuwa mdogo nikivunja chungu.

"Hilo nalijua, nilikuwepo," akasema. "Nimekuuliza habari ya mgonjwa."